Mawaziri Tisa Dakani

Saadiya alikuwa ametarajia watu wawili. Watatu, kama Mungu angependa kumfurahisha zaidi. Lakini Shangazi Nadra, aliyekuwa amepanda juu kuchungulia dirishani, alishuka ngazi upesi huku mkono uko kifuani.

"Ni tisa," alisema. "Tisa, Saadiya. Wameyaza kichochoro kizima, punda wa watu hawana pa kupita."

"Tisa wepi, Shangazi?"

"Mimi nitawayuaye? Kuna mmoya mrefu kama mlingoti. Kuna mzee kavaa koti jeusi na ndani yake jezi nyekundu ya mpira. Na wote wanatazamana kana kwamba hawayuani."

Saadiya akajikuta ameketi juu ya kikapu cha nguo bila kukusudia. Hawajuani, ndiyo. Shangazi amesema kweli asiyoijua. Wanaume wale walikuwa wametukanana kila siku kwa miaka, na huenda leo ndiyo mara yao ya kwanza kuonana uso kwa uso. Hofu na furaha zilimjia pamoja, asijue ipi imetangulia.

Miaka mitatu sasa, binti huyu wa Bwana Idarus, fundi wa milango wa mtaa wa Langoni, Amu, alikuwa na siri moja. Mchana alikaa ndani akishona kofia za vito, zile zenye vitundu vya kudariziwa, na simu yake akaiegemeza kwenye bakuli la nyuzi. Ndani ya simu ile mlikuwa na kundi la Wasomali wanaume lililoitwa Fadhi-ku-dirir, maana yake watu wanaopigana hali wameketi. Palikuwa na dereva wa lori wa Mombasa, muuza vitambaa wa Isili, Nairobi, wanafunzi walioko Uturuki, na mlinzi wa ghala huko Minnesota aliyeomba zamu za ajabu ili asikose mechi. Kazi yao ilikuwa kubishana juu ya mpira na siasa tangu alfajiri. Walikuwa wameunda hata serikali yao. Asiye na mfereji nyumbani alifanywa Waziri wa Maji, mwenye kukoroma akapewa Wizara ya Habari, na yeyote ambaye timu yake ilifungwa alifukuzwa kazi hadi Jumamosi nyingine. Sheria yao ilikuwa moja tu: tukana timu ya mtu, chama chake na mgombea wake, lakini usiguse ukoo wake wala mama yake.

Saadiya hakuingia humo kutafuta mume, na anayedhani hivyo hamjui. Mama yake alifariki mapema, naye akalelewa na Bibi Israa, mama wa mama yake, mzaliwa wa Kismayu, aliyemsemesha Kisomali tangu utotoni. Bibi alipozikwa, lugha ile nayo ilinyamaza ndani ya nyumba. Siku arubaini zilipokwisha, Saadiya aliona njaa ya kuisikia. Akajiunga na kundi kwa jina la Goolhaye, yaani mlinda mlango, akawaacha wadhani ni kijana wa kiume mwenye wazimu wa Arsenal. Ubishi alijaliwa, na mpira aliujua. Baada ya mwezi mmoja walimpa Wizara ya Sheria.

Aliyekuwa akimvaa zaidi ni Waziri wa Ulinzi. Huyo alikuwa Dawud, mpima damu katika hospitali moja ya Garissa, aliyepewa wizara ile kwa sababu Manchester United yake haikuwa na ulinzi wowote. Walichambana miezi ishirini kuhusu mpira, kuhusu wabunge na kuhusu nani anapika wali vizuri kati ya watu wa Amu na wa Garissa. Kisha Arsenal ikafungwa na Manchester, na Saadiya alikuwa amewekeana sharti naye mbele ya watu wote kwamba atakayeshindwa ataitungia shairi timu ya mwenzake.

Akatunga kama Bibi Israa alivyokuwa akitunga arusini, mapigo yaleyale, madaha yaleyale, akalituma kundini kwa maandishi. Kundi likalisifu. Alasiri ile Dawud akamwandikia pembeni, peke yake: "Bibi yako alikufunza vizuri. Lakini utungo huu, kwetu, ni wa wanawake. Wanaume wana wao."

Saadiya aliitupa simu kitandani kama imemuunguza. Baada ya saa nzima ndipo alipoweza kujibu: "Nani mwengine amejua?"

"Hakuna aliyesema neno," Dawud alijibu. "Nami sitasema. Kesho naomba unitukane kama kawaida."

Ndipo alipompenda, ingawa ilimchukua miezi kukiri.

Sasa Dawud alikuwa pale nje. Bwana Idarus alikuwa amempa sharti kwa simu, sauti yake ikiwa baridi kabisa: "Mimi simtoi mwanangu kwa mtu wa kwenye simu. Nayuwaye wewe ni nani? Lete wanaokuyua, Ijumaa, baada ya Alasiri. Wasipokuya, yambo limekwisha, na namba yako ataifuta mbele yangu." Baba yake Dawud alikuwa ameshafariki, ami zake wametawanyika, na mama yake alikuwa kitandani Kismayu. Alichomwandikia Saadiya kilikuwa kifupi: "Nitaleta watakaokubali kuja."

Wageni wakaketi dakani, pale penye baraza mbili za mawe zinazotazamana mbele ya mlango, ambapo wanaume wa nje hupokewa katika nyumba za Amu. Hazikuwatosha. Vijana wawili walisimama. Saadiya alijibanza nyuma ya ubao mmoja wa mlango uliofungwa, shangazi yake akiwa mgongoni, na kupitia upenyo akaona magoti, mikono, vikombe vya kahawa. Halafu akamwona yeye. Alimjua kwa picha moja tu, ya kitambulisho cha kazi, na picha ile ilikuwa imemdhulumu. Alikuwa na paji pana la uso na macho ya mtu aliyesafiri bila kulala. Kanzu yake nyeupe ilikuwa na mkunjo mpya wa pasi. Dawud akainua macho kuelekea mlangoni mara moja tu, akayashusha haraka. Saadiya alihisi kwamba ameonwa, na hali haiwezekani.

"Pumua," Shangazi alimnong'oneza.

Mzee mwenye koti alianza. "Bwana Idarus, mimi naitwa Hirsi. Nimeendesha lori miaka thelathini na minane, Mombasa hadi Juba. Hapa nimekuja kama Waziri Mkuu."

"Wa nti gani?"

"Wa nchi ambayo haipo, Bwana."

Mtu mmoja alicheka, akageuza kuwa kikohozi. Bwana Idarus hakucheka. Alimmiminia mzee kahawa, kisha akaliuliza swali lake taratibu, kama anavyopima mbao kabla ya kukata.

"Ni nani kati yenu amekula na kijana huyu sahani moya?"

Kimya.

"Nani amelala kwao?"

Kimya.

"Nani amewahi kumuona kwa mato yake, kabla ya yeo?"

"Tumekutana saa sita, gatini Mokowe," alisema Mzee Hirsi. "Hata sisi kwa sisi. Waziri wa Maji huyu nimegombana naye miaka mitano kwa ajili ya chama chake. Leo ndiyo nagundua ni mfupi."

"Si mfupi hivyo," alisema Waziri wa Maji.

"Basi mwashuhudia nini?" Bwana Idarus aliuliza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia Saadiya baridi. Baba yake akikasirika hurudi. Akiwa mtulivu, ameshaamua.

Kijana mmoja kati ya waliosimama akajikaza. "Mimi naweza kusema kitu, Bwana? Timu ya mtu ikifungwa, sisi hujificha. Mimi hujificha siku mbili, nasema simu iliharibika. Yeye ikifungwa timu yake, ndiye wa kwanza kuingia asubuhi kutusalimu. Anakaa pale, tunamcheka mpaka tunachoka."

"Mgombea wangu aliposhindwa," alisema Waziri wa Maji, "wake ndiye aliyeshinda. Walinicheka wote, na ni haki yao, maana nilikuwa nimejigamba mwezi mzima. Yeye alinipigia simu akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala."

"Mama yangu alipolazwa," alisema mwengine, "alisimamisha mzaha wa kundi zima siku tatu. Na siku ya nne akamwandikia mama kumpa pole kwa kuwa na mwana mwenye timu mbovu, mama akacheka. Mara yake ya kwanza kucheka wodini hapo."

Bwana Idarus alisikiliza, kidole gumba kikipapasa ukingo wa baraza. "Ni mambo mema hayo," alisema hatimaye. "Lakini ni ya kuandikiana. Mtu huandika apendavyo aonekane."

Saadiya alifumba macho. Aliona kidole chake mwenyewe juu ya namba ile, na baba yake amesimama mbele yake akingoja.

"Basi nikupe moja ambalo halikuandikwa," alisema Mzee Hirsi.

Dawud akainua kichwa kwa ghafla. "Mzee, hilo liache."

"Sitaliacha. Umetuleta tukuseme, tutakusema." Mzee aliweka kikombe chini. "Kundini kwetu kuna mtu anaitwa Goolhaye."

Ubao wa mlango ulitoa mlio mdogo chini ya kiganja cha Saadiya. Shangazi Nadra alimshika bega. Naye hakujua lolote kuhusu jina lile, alidhani mtoto anataka kuzirai kwa haya za kawaida.

"Mtu hodari kwa ubishi," Mzee Hirsi aliendelea. "Tulimdhania mwanamume. Siku moja akatuma shairi. Bwana Idarus, sisi tumelelewa na mama zetu. Mistari miwili tu ilitosha. Mapigo yale hutungwa na wanawake, wanaume hawayagusi. Tulijua sote, watu arubaini na mmoja, kwa wakati mmoja. Kundi likanyamaza. Kundi ambalo halijapata kunyamaza hata siku ya Idi."

"Kisha?"

"Kisha simu yangu ikalia. Nilikuwa karibu na Voi, nikaliweka lori kando. Ni Dawud. Akaniuliza, 'Mzee, umeona?' Nikamwambia nimeona. Akasema, 'Dada huyu ameingia kwetu kwa jina alilolichagua mwenyewe. Tukimfichua ataona haya, ataondoka, na pengine hana mahali pengine pa kusemea lugha hii. Nakuomba tulisifu shairi, halafu tumtukane timu yake kama jana.' Akampigia kila mtu, mmoja baada ya mmoja. Hakuandika, kwa sababu maandishi hubaki, na yeye hakutaka dada yule aje ayakute. Tangu siku hiyo humo ndani hakujaandikwa neno la aibu. Vijana hawa walikuwa na ndimi chafu, waulize. Wameacha. Mwaka wa pili sasa, na yule dada hajui kwamba tunajua."

Saadiya alisimama pale nyuma ya mlango, machozi yakimtiririka bila sauti. Vitu vingi vidogo alivyovipita bila kuvijali vilimrudia kwa mpigo. Kijana wa Uturuki aliyeandika nusu ya kichekesho kibaya kisha akakifuta na kuomba radhi bila kuulizwa. Mlinzi wa Minnesota aliyebadilisha habari ghafla. Na kila Jumamosi, bila huruma hata chembe, matusi kwa Arsenal kama yalivyokuwa zamani, ili asihisi kitu. Alikuwa amedhani amejificha vizuri. Kumbe wanaume arubaini na mmoja, wengine hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote duniani, walikuwa wameshikana mikono kumzunguka, na hata mmoja hakuuachia wa mwenzake. Hakuwahi kuona kitu kikubwa hivyo. Alijiona mdogo, na alijiona ametunzwa, na alishindwa kujua amshukuru nani kwanza.

"Na mwanamke huyo," Bwana Idarus aliuliza polepole, "ni nani?"

"Hatujui. Hatukumuuliza, wala hatutamuuliza."

Bwana Idarus aliwatazama wote tisa, mmoja baada ya mwengine, kama mtu anayehesabu upya. Halafu akamtazama Dawud aliyekuwa ameinamia mikono yake. Akainuka, akajipangusa kanzu, akasema, "Nipeni nafasi kidogo," akaingia ndani.

Alimkuta binti yake palepale nyuma ya mlango. Aliona machozi, asiulize ya nini.

"Mwana wangu," alisema kwa sauti ya chini, "watu hawa wamenishangaza. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri kuwarudisha. Sasa nakuuliza wewe. Kijana huyu, wamridhia?"

Kwa desturi, binti akiulizwa swali lile akanyamaza, amekubali. Saadiya aliijua desturi ile. Angeinamisha kichwa tu, baba yake angetoka nje na jibu, na kila alichokitaka kingekuwa chake, pamoja na siri yake. Shangazi Nadra alikuwa tayari ameshatabasamu.

Lakini wale wa nje walikuwa wamembebea mzigo wake mwaka mzima bila kumwambia. Aliona haya kuwaongezea na wa kumficha baba yake.

"Baba," alisema, "mwanamke wa lile shairi ni mimi."

Shangazi Nadra aliketi kwenye ngazi. Bwana Idarus hakusogea.

"Wewe."

"Mimi. Bibi alipofariki sikuwa na wa kusema naye. Wewe ulikuwa na kazi zako, na msiba wako. Nikaingia humo. Nilikuficha miaka mitatu, nisamehe."

Alingoja sauti ipande. Maneno ya baba yake yalikuwa mengine kabisa.

"Nilikuwa nikikusikia ukiteka kwa furaha peke yako, mchana. Nikiwa chini nachonga. Nikasema moyoni, mtoto ameanza kupoa. Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza utaacha." Alifuta pua kwa ncha ya kikoi kilichokuwa begani. "Na wanaume hao hawakukuvunjia heshima. Hata moya."

"Hata mmoja, Baba."

"Nami nilitaka kuwafukuza mlangoni kwangu." Alitikisa kichwa. "Swali langu hujalijibu. Na kimya chako mimi sikitaki tena. Kimya kimetutosha sisi wawili." Akageuka, akasukuma ubao wa mlango uliofungwa hadi ukafunguka nusu. "Dawud. Ndoo huku. Muulize mwenyewe, mimi nimesimama papa hapa."

Dawud alikuja hadi kizingitini, akasimama. Saadiya alivuta buibui usoni, kisha akaliacha liteleze mpaka kidevuni, maana mwanamume huyu alikuwa amesafiri usiku kucha na alistahili kuona amesafiria nini. Wakatazamana. Hapakuwa na kioo kati yao, wala maandishi ya kufuta na kuandika upya. Alimwona kovu dogo juu ya nyusi ambalo picha haikuwa nalo. Yeye naye alikuwa akitazamwa kwa macho yaliyojaa, macho ya mtu aliyeambiwa habari za mahali fulani kwa miaka na leo amefika, akakuta waliomsimulia hawakusema hata nusu.

Muda ukapita. Dawud hakutoa neno.

"Umenyamaza," Saadiya alisema.

"Nimenyamaza."

"Timu yako ilifungwa tano na hukunyamaza."

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikapita kizingiti, ikafika dakani. Kule nje kikombe kiligonga sahani yake kisha kila kitu kikatulia. Dawud alitabasamu, na tabasamu lile lilimfanya kijana wa miaka kumi.

"Saadiya," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lake kwa mdomo, na alilitamka polepole kama anayeogopa kulivunja. "Sina baba wa kunisemea. Nina hawa. Sina nyumba Amu, nina chumba Garissa na kazi ya halali. Nakuomba mbele ya mzee wako. Utaniridhia?"

Saadiya alimtazama baba yake. Bwana Idarus alikuwa ameshika fremu ya mlango aliouchonga mwenyewe mwaka aliooa.

"Nimekuridhia," Saadiya alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa.

Wanaume wanane dakani walikuwa wameisikia sauti ile tangu neno la kwanza, na hapakuwa na hata mmoja kati yao asiyejua sasa ni ya nani. Waziri wa Maji alifungua mdomo. Mzee Hirsi akamwekea mkono gotini, naye akaufunga. Hakuna aliyeuliza kitu. Mzee alivua kofia akaivaa tena vizuri, akafunga vifungo vya koti juu ya jezi yake, akainua viganja viwili vilivyoota sugu za usukani, na wote wakainua vyao, akaanza kuwasomea Fatiha.